Steringi Aliyefungua Mlango

Mama yangu alipenda filamu za watu kuchinjana. Alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa na kuuza nyanya sokoni Kiganjo, na Jumamosi jioni alitaka kuona muuaji akitoka nyuma ya pazia. Wako waliomshangaa. Mimi sijawahi kuona cha kushangaza.

Tulianza mwaka ule baba alipofariki. Alikuwa mkufunzi katika chuo cha polisi cha hapo Kiganjo, na alipougua na kuondoka ilibidi tuhame nyumba za serikali. Ndugu zake walikuja kutoka magharibi mwa Kenya wakiwa na hakika kwamba tutarudi nao nyumbani. Mama aliwapikia kuku, akawasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akawaambia kwamba ameshapata vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko na mimi sitabadilisha shule. Mwenye vyumba alikuwa mjane wa Kikuyu aliyemzidi Mama umri kwa mbali. Tulimwita Shosho, yaani bibi kwa Kikuyu, tangu siku ya kwanza, na hakutaka jina lingine.

Shosho ndiye aliyekuwa na televisheni, na mpangaji mmoja aliyehama alikuwa ameacha diski kadhaa. Moja ilikuwa sehemu ya kwanza ya zile ambazo baadaye tuliziita "za kisu". Muuaji wake alivaa kofia ya mfuga nyuki, ile yenye wavu usoni, na alikuwa akiirudia nyumba moja ya mbao juu ya kilima. Ndani aliishi mwanamke mmoja. Kila mtu alimwambia ahame, naye hakuhama. Katika sehemu ya kwanza alijificha ndani ya pipa la nguo chafu, akamsubiri yule mtu ainame, akampiga pasi ya kisogo. Mama aliweka kikombe chini. "Huyu ana akili," alisema, na tangu hapo mwanamke yule alikuwa wake.

Kiingereza cha Mama kilitosha kanisani na kwa daktari, lakini hakikutosha kwa Wamarekani wanaopiga mayowe huku wakikimbia. Kwa hiyo nilikaa kwenye stuli kando ya televisheni na kutafsiri. Nilikuwa mzuri katika kazi hiyo, na bado ni mzuri. Nilijua kumpa kila mtu sauti yake, na nilijua kunyamaza muziki unapopungua, maana Mama alipenda kuogopa mwenyewe bila kusaidiwa. Kila sehemu mpya ilipotoka niliitafuta mjini Nyeri mpaka nikaipata. Tuliona sita. Sita zote yule mwanamke alitoka akiwa hai, amechoka, nywele zimetimka, na Mama alilala usingizi mzuri.

Sehemu ya saba ilichelewa miaka mingi. Ilipotoka nilikuwa mwalimu Nyeri mjini, na presha ya macho ilikuwa imemchukulia Mama karibu nuru yote. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita. Nilikuwa nimepanga nyumba yenye chumba cha ziada na kununua kitanda, na nilikuwa nimemwomba ahamie kwangu mara nyingi kuliko alivyopenda kusikia. Jumamosi ile nilipakia kompyuta kwenye mkoba nikiwa na mambo mawili: tuangalie filamu, kisha nizungumze naye kwa mara ya mwisho, bila kubembeleza.

Ilikuwa Julai na ukungu haukuinuka siku nzima. Shosho, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, alikuja na blanketi lake na birika la chai. Nilikaa katikati yao. Sikuwa nimeitazama filamu mapema, kwani sikuwahi kufanya hivyo. Nilimweleza Mama kila kitu, si maneno tu, hata rangi ya sweta ya yule mwanamke na mvi zake. Alifurahi kusikia kwamba naye amezeeka.

Kabla hata chai haijapoa, mlango wa nyumba ile ya mbao ukabishwa. Mwanamke akainuka kwenye kiti, akaenda, akafungua. Kisu kikaingia.

"Aliuliza ni nani?" Mama aliniuliza.

Nilimwambia hapana, alifungua tu.

"Angalia vizuri."

Nikarudisha nyuma, tukaanza tena pale kwenye kiti. Hakuuliza. Hakuchungulia dirishani, hakuchukua hata mwiko. Shosho alisema pengine ni ndoto na ataamka, kwa sababu steringi, mwenye filamu yake, hafi. Tukaendelea tukingoja aamke, lakini kaburi likachimbwa.

Baada ya hapo filamu ilikuwa ya vijana wanne waliokuja kuuza nyumba. Walitaniana sana na kutembea gizani, tena giza lenyewe lilirekodiwa vibaya kiasi kwamba mimi mwenye macho mazima sikuona zaidi ya Mama. Nilijitahidi. Nilitafsiri mizaha ambayo haikuchekesha kwa lugha yoyote. Kisha muuaji akavua kofia yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika sehemu zote sita, na kumbe alikuwa binamu wa yule mwanamke. Akaanza kueleza jinsi alivyoonewa utotoni. Alieleza kwa muda mrefu.

"Sasa huyu anatuambia shida yake ya nini," Shosho akauliza, "na mkono yake iko na damu?"

"Zima," Mama akasema.

Nilimwambia bado kuna sehemu kubwa imebaki.

"Zima, mwanangu. Mwanamke aliyenusurika mara sita hafungui mlango bila kuuliza ni nani. Waliotengeneza hii hawamjui."

Nikafunga kompyuta. Mama alijiweka sawa kwenye kiti, akamwomba Shosho amwongezee chai, kisha akaanza kutusimulia ilivyopaswa kuwa. Sikuwahi kumsikia akisimulia. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo. Alianzia pale mlango ulipobishwa. Mwanamke anasikia, haendi. Anazima taa zote, kwa sababu giza ni lake: nyumba ile anaijua kwa miguu. Anajua ubao upi unalia, ngazi ipi imelegea, maji ya moto yako wapi. Yule mwenye kofia anaingia na kujikwaa kama mgeni. Shosho akaongezea mbwa, Mama akamkubalia mbwa. Muuaji alikufa karibu na tangi la maji, hakupewa nafasi ya kusema neno.

Kisha, kwa sauti ileile, akageukia upande wangu. "Na wewe usinipeleke Nyeri. Huko nitakuwa kipofu. Hapa sioni tu."

Nilikuwa na hoja zangu, nilizipanga vizuri njiani. Nilizitazama zote na hakuna hata moja iliyosimama. Nilimwambia sawa, na nilimaanisha.

Wiki iliyofuata nilimleta fundi akafunga reli ya chuma kutoka mlangoni mpaka chooni, na kitanda cha Nyeri nikampa mwalimu mwenzangu aliyekuwa ameoa karibuni. Mama yuko pale mpaka leo. Asubuhi anapanga nyanya kwa kuzishika, na anakuambia ipi imeiva na ipi itaharibika kesho. Hadithi yake anaisimulia bado, kwa kila mpangaji mpya anayehamia kwa Shosho, na mbwa amezidi kukua. Wapo wanaoamini kwamba hivyo ndivyo sehemu ya saba inavyoisha, na sijamsahihisha hata mmoja.