Uwanja Uliokuwa Zizi Letu

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, boma letu la zamani pale Nyansurura lilisawazishwa likawa uwanja wa mpira. Mkutanoni viongozi walisema utakuwa fahari ya kata nzima. Sawa, ila ng'ombe wetu hawakuhudhuria mkutano huo. Siku ya mechi ya kwanza, jua likishuka, ng'ombe hao waliingia uwanjani watu wakicheza, wakalala pale pale lilipokuwa zizi.

Refa akapuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka shingoni. "Mzee, watoe ng'ombe wako!"

"Niwapeleke wapi?" baba akamwuliza. "Wamefika nyumbani."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaona baba hacheki.

Mpaka leo nikifika uwanjani pale, sijui nishangilie au nipige hodi.