Nilitaka Kumwaibisha Mwalimu, Nikamtaja Mama

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Nilikuwa na hasira ya miaka tisa, na niliitunza vizuri kuliko ng'ombe wangu wa maziwa.

Hapa kwetu Sigowet kuna mzee tunamwita Mwalimu. Amepita miaka tisini na bado anaandika. Mtu akifa, yeye ndiye huandika historia ya maisha yake isomwe mazishini. Mgonjwa akikwama hospitalini, yeye ndiye huitisha harambee.

Baba alipofariki, Mwalimu aliandika kila kitu: shule, kanisa, hata shamba la majani chai. Mama yangu, bibi wa pili, hakumtaja. Hata neno moja! Tulikaa nyuma ya hema kama majirani, nikaapa huyo mzee atanilipa.

Mwaka jana kanisa likamfanyia sherehe ya shukrani, pamoja na harambee ya kujenga wodi ya akina mama kwenye zahanati. Na nani aliombwa kusoma historia yake? Mimi! Nilicheka peke yangu njia nzima.

Niliposhika maikrofoni, karatasi yake niliikunja nikaitia mfukoni. Nikawaambia watu kwamba huyu mnayemsifu alimfuta mama yangu. Nikataja jina lake la usichana, nikataja na kwao, Siongiroi.

"Wewe kijana, wachia hapo," Mwalimu alisema. "Tafadhali, kaa chini."

Ati nikae! Nilidhani ni aibu inamchoma, nikaongeza sauti. Woi, raha niliyoisikia! Wageni walianza kuondoka mmoja mmoja, na harambee ikafia hapo. Wodi haijajengwa mpaka leo.

Habari zilifika hadi kwao mama, na wiki ya pili wazee watatu kutoka Siongiroi walibisha kwake.

"Huyu mama ni bibi ya ndugu yetu," mmoja alisema. "Alitoroka, na ng'ombe yetu haikurudishwa. Kwa hivyo hawa watoto ni yetu."

Sikujua! Mama aliolewa kule akiwa msichana mdogo, akapigwa, akakimbia. Kwetu, mahari isiporudishwa, watoto ni wa aliyeitoa. Ndiyo maana alimwomba Mwalimu asimwandike. Na yule mzee alivumilia chuki yangu miaka yote hiyo bila kujitetea!

Ndugu zangu wa nyumba ya kwanza walifurahi sana. "Si uende kwa baba yako sasa?" waliniambia. Majani chai niliyopanda kwa mikono yangu wanachuma wao.

Wewe unayeweka kisasi ukingoja siku ya kupewa maikrofoni, nisikilize. Nenda kwanza ukamuulize mama yako kwa nini alinyamaza. Mimi nilimuuliza baada ya wazee wale kuondoka.

"Miaka arobaini nimejificha," alisema, "na ni mtoto yangu amewaonyesha mahali niko."

Hajanisemesha tena.