Yeye Kulia, Mimi Kushoto

Mume wangu na mimi tulikwenda pamoja sokoni Kibiti kila Alhamisi kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hatukutembea upande mmoja wa barabara hata siku moja. Alhamisi ya kwanza siihesabu, maana ndiyo tuliyokamatwa.

Mguu wangu wa kushoto ulinywea tangu utotoni. Unanifikisha kisimani na kwa jirani, basi. Kibiti haunifikishi. Bodaboda nilijaribu. Mguu usiobana hukutupa kwenye kona, na mimi ni msuka mikeka, nabeba mikeka sita au saba iliyoviringishwa, mirefu kuliko dereva mwenyewe. Siku moja mkeka ulituchoropoka, semi ikaukanyaga mbele ya macho yangu, na mwenye boda bado akataka nauli kamili, eti mimi mwenyewe si nimefika.

Ndipo tukatafuta punda. Tulimpata kwa mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa ameweka boma upande wa Mkongo. Yeye alitaja bei yake, mimi nikataja yangu, tukazungushana tangu asubuhi hadi adhuhuri, tukakutana mahali ambapo kila mmoja wetu alidai ameonewa. Meno ya punda niliyahesabu mara mbili. Mfugaji akamwambia mume wangu, "Baba, huyu mama ungemleta mwisho, ningekuwa nimeshakuuzia wewe kwa bei yangu." Mume wangu akamjibu, "Ndiyo maana kaja mwanzo."

Kwetu watu hawapandi punda. Punda wanamwona anapita na wafugaji, amebeba madumu ya maji. Basi Alhamisi ile ya kwanza, nimekaa juu na mikeka yangu ubavuni, mume wangu ameshika kamba mbele, wauza machungwa wa pembeni mwa lami walishiba kicheko kwa siku nzima.

"Mpisheni, farasi wa Kibiti huyo."

"Mke juu, mume chini. Kiama kimekaribia."

Mume wangu hakusimama. "Kikija," akasema, "yeye ataanza kukiona, atanipa taarifa."

Tulipokaribia mji, trafiki akatunyooshea mkono. Kijana mrefu, viatu vinang'aa kuliko barabara.

"Mama, hicho chombo kinatakiwa kushoto."

"Huyu ni punda, afande."

"Akiwa na mtu mgongoni ni chombo. Kinakwenda kushoto pamoja na magari. Na wewe mzee, mtembea kwa miguu, hama, nenda kulia, utazamane na magari yanayokuja."

"Afande, huyo ni mke wangu," mume wangu akasema.

"Sijakutenga na mkeo, mzee. Nimekutenga na lori."

Nikaona hapa pana biashara. Nikamwambia, afande, tufanye hivi: kwenda tuwe sote kushoto, kurudi tuwe sote kulia, sheria itakuwa imepata nusu yake mara mbili. Akacheka mpaka akaelekea pembeni. Alipomaliza akasema, "Mama, hapa hakupunguzwi."

Mume wangu alikuwa mtu wa kutii. Aliivaa ile amri kama kanzu ya Ijumaa. Kuanzia hapo tukifika kwenye lami alinipandisha punda, akaniwekea mikeka sawa, akavuka kwenda kulia, na hatukugusana tena mpaka sokoni. Kwa mafundi wa barabara alipata kizibao kimoja cha manjano kinachomulika. Kimoja, na siye wawili. Akakikata. "Wewe magari yanakujia kwa nyuma," akasema, "chukua mgongo. Mimi yananijia kwa mbele, nachukua kifua." Akatia kamba kwenye kila kipande. Kwa mbali, nadhani, tulionekana kama mtu mmoja aliyepasuliwa na lori.

Hivyo ndivyo tulivyoishi ndoa yetu ya Alhamisi, lami katikati. Ukitaka kuzungumza ng'ambo ya barabara kuu unajifunza kukata maneno. Yeye angeanza, "Yule mwanao wa Dar kapiga," kisha basi la Mtwara, kisha fuso mbili za korosho, na mimi nabaki na moyo mkononi nikihesabu magurudumu, ndipo ije nusu ya pili: "anakusalimu tu." Nikimwuliza jambo la saa moja nilipata jibu la saa moja na robo. Tuligombana humo pia. Ugomvi wa ng'ambo ya barabara una faida yake, kwani mpaka lori limalize kupita tusi unaliona halina haja.

Punda alizoea haraka kuliko sisi. Watu hudhani mnyama huogopa injini. Huyu injini aliziona kama mbu. Aliogopa turubai. Turubai lililofungwa vibaya, likipigapiga juu ya lori, kwake lilikuwa shetani kamili. Na katika njia yetu palikuwa na mahali pamoja ambapo shetani yule hakwepeki, nalo ni daraja. Daraja jembamba, bondeni, vilima viwili vinalitazama, malori yanaserereka kutoka pande zote mbili. Kwingine pembeni ya lami pana mchanga wa kukimbilia. Darajani hapana. Pana lami, na ukingo wa bomba la chuma, na hewa.

Mwaka wa kwanza tu tuliingia mle pamoja na lori la magunia, turubai linapiga makofi. Punda akaruka. Mimi nikashika shingo, mikeka ikashika njia ya mtoni. Niliokoka na minne kati ya saba. Niliihesabu mara mbili, bado ilikuwa minne. Mume wangu alivuka barabara mbio, kinyume na sheria, akanishika ule mguu mwembamba kama anayekagua yai. Alhamisi iliyofuata alikuwa na utaratibu.

Utaratibu ulikuwa huu. Tukifika mdomoni mwa daraja mimi nasimama kushoto, kwenye mchanga. Yeye anatangulia kwa upande wake mpaka katikati ya daraja, ambako vilima vyote viwili vinaonekana. Anatazama kulia, kushoto, kulia tena. Kukiwa kweupe, anagonga bomba mara mbili kwa fimbo yake, ng'a, ng'a, kisha anaita, "Mwali, toka." Mwali ndiye punda. Alimwita hivyo kwa sababu, kama mwali wetu aliyefungiwa ndani, hatoki mpaka aje mtu wa kumtoa.

Mimi ile fimbo ilikuwa ikinikera. "Unaharibu mali ya serikali," nilimpigia kelele. "Ita tu, inatosha." Naye hugonga.

Punda akajifunza kusubiri. Nisikize nilivyosema: akajifunza yeye. Hata nikimpiga visigino alisimama kama jiwe la mpaka mpaka aitwe kutoka ule upande. Miaka tisa, Alhamisi kwa Alhamisi, hatukuguswa na gari hata kioo.

Mume wangu hakugongwa. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia habari ya barabara hukaa mkao wa kusikia amegongwa. Ilikuwa presha, nyumbani, mchana, akiwa ameniomba maji. Alhamisi iliyotangulia, karibu na miembe ya mwisho kabla ya mji, alisema neno kutoka upande wake na semi ikapita nalo. Nikamwuliza, "Nini?" Akapunga mkono: nitakwambia. Sokoni mteja akanishika bei ya mkeka wa rangi tatu, nikasahau kumwuliza, naye akasahau kuniambia. Nimelipima sana jambo hili. Nadhani aliuliza kama chumvi ipo nyumbani. Jambo kubwa asingelisema barabarani, alikuwa anajua magari.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi. Nikahesabu mara mbili, hesabu ya pili ikazidi siku moja, na hiyo pia nikaikaa. Mikeka ikajaa ukutani. Nusu ya kizibao chake ikabaki kwenye msumari wake, na yangu kwenye wangu.

Alhamisi ya kwanza baada ya eda nikapanda punda kutokea kwenye kisiki cha mkorosho, nikavaa mgongo wangu, nikashika kushoto. Mambo yakawa sawa mpaka darajani. Mwali akasimama. Nikaita, "Mwali, toka." Sikio moja likanigeukia juu, kama mtu anayesikia redio ya jirani. Akatazama ng'ambo. Nikasubiri kuwe kweupe, nikaita tena. Akatazama ng'ambo. Mimi pia nikatazama ng'ambo. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, magari yakitupigia honi, kisha tukarudi nyumbani na mikeka yote saba.

Wifi yangu, dadake marehemu, alinipokea uani.

"Wifi, huyo ni punda wa mwenyewe. Kaondoka mwenyewe, naye kaisha. Mwuze."

"Atazoea."

"Barabarani hakuzoeleki, wifi. Utakufa na lori ukimbembeleza mnyama. Mikeka nitakupelekea mimi, wewe kaa barazani usuke."

Alisema kwa huruma, na huruma ndiyo ngumu kupunguza bei. Tukapatana: Alhamisi mbili zaidi. Akigoma zote, wifi anampigia simu mnunuzi mmoja wa Ikwiriri aje kumchukua. Usiku ule nililala kama aliyeweka nyumba rehani. Mikeka ingefika sokoni, hilo nilijua. Wifi ana miguu miwili na mdomo. Lakini barabara isingekuwa yangu tena. Na mahali pengine popote duniani mume wangu alikuwa kaburini. Barabarani tu ndiko alikokuwa upande wa pili, na kuwa upande wa pili ndiyo desturi yake. Sikuona lipi limebadilika, ila kwamba hajibu.

Alhamisi ya pili nilimkodi mwenye bodaboda anayeegesha karibu na daraja. Nikampa ile nusu ya kifua avae, nikamfundisha pa kusimama na pa kutazama.

"Bi mkubwa, nimeshabeba wagonjwa, nimeshabeba mbuzi, nimeshabeba kitanda. Punda hajawahi kunishinda."

Akaenda katikati, akatazama kulia, kushoto, kulia, vizuri kabisa. Akaita, "Mwali, toka." Punda akamtazama kama tunavyomtazama mgombea.

"Labda nibembeleze," akapaza sauti. "Mwali, toka mpenzi."

Hakuna. Akajaribu kwa ukali, akajaribu kwa mluzi, mwisho akaimba. Aliporudi aliniwekea kizibao mapajani taratibu. "Bi mkubwa, huyu mzee alikuwa na sauti gani?"

"Ya kawaida," nikamwambia. Nilipoitafuta ile sauti ya kawaida niliikuta iko katikati ya magari, imekatika vipandevipande.

Alhamisi ya tatu nilimwacha Mwali mahali pake kwenye mchanga. Kusimama si kazi aliyohitaji kusaidiwa. Nilishuka, nikachukua fimbo ya marehemu ambayo nilikuja nayo kwa ajili ya mguu, nikavaa nusu zote mbili, mgongo na kifua. Nikatazama kulia, kushoto, kulia, nikavuka. Ni hatua kumi na moja. Kwa mguu wangu, kumi na sita. Miaka tisa sikuwahi kukanyaga upande ule kwa miguu yangu.

Nikatambaa na bomba la daraja mpaka katikati. Pale nikasimama kwa sababu pumzi iliisha, na nilipotafuta pa kushika nikaona. Bomba lote lilikuwa na rangi nyeupe iliyochujuka, isipokuwa mahali pamoja, urefu wa kiganja, ambapo rangi ilikuwa imetoka kabisa na chuma kinang'aa. Nilidhani alikuwa akigonga popote, kama mtoto mtundu. Alikuwa akigonga hapo. Alhamisi zote zile, hapo hapo.

Nikatazama kulia. Kushoto. Kulia tena. Vilima vyote viwili vilikuwa vitupu. Nikagonga, ng'a, ng'a.

Sikuwahi hata kuita. Masikio ya Mwali yalisimama, akaingia darajani na mikeka yake, ameshika kushoto bila kuyumba, kichwa chini, kama aliyekuwa akingojea hilo tu nasi tukimchosha kwa maneno. Akapita sambamba nami, lami katikati yetu, akamaliza daraja, akasimama kwenye mchanga wa upande wa pili.

Nikatembea nikamfuata kwa upande wangu, yaani upande wa marehemu. Kutokea kule nilimwona vizuri: punda mdogo, mikeka imemzidi, na nyuma yake kilima ambacho lori lolote lingeweza kutokea. Kumbe hiki ndicho mume wangu alichokuwa akikitazama kila wiki, nami juu ya punda nikimpigia kelele kwa habari ya mali ya serikali.

"Chumvi ipo," nikasema kwa sauti ya ng'ambo.

Mwali aligeuza sikio. Ilinibidi nivuke nirudi kushoto, nipande, soko lilikuwa linachanganya. Nikatazama kulia, hapana gari. Kushoto, hapana. Kulia, hapana. Nikasimama pale pale, upande aliouzoea yeye, nikahesabu upya: kulia, kushoto, kulia.