Ndege Nyuma ya Ramani ya Nyumba

Mwaka 1995, katikati ya kiangazi, nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwa nimekalia benchi la darasa hata siku moja. Hadi leo harufu ya amonia hunirudisha Likasi, mji wetu wa migodi, kwenye ramani zilizoviringishwa, zikinuka dawa ya kuchapia, ambazo baba, mchoraji wa mitambo, alirudi nazo kiwanda kilipofungwa.

Pamoja nazo alileta ukurasa wa kalenda wenye kazi ya msanii mashuhuri: ndege weusi na weupe waliobanana hata pengo la mmoja likawa bawa la mwenzake. Nilimwiga msanii huyo mwezi mzima. Kwetu kila karatasi ilikuwa na pande mbili: mbele mitambo ya baba, nyuma ndege wangu. Wadogo zangu walipotaka hadithi, niliwashonea kitabu kwa sindano ya mama, na katikati nikaweka karatasi nene kuliko zote.

Ilikuwa ramani ya nyumba yetu. Bila hiyo ofisi ya serikali isingeiandika nyumba ile kwa jina letu, na familia nyingine ilikuwa imekwisha kuiomba.

Mama aliikuta ina matundu ya sindano na ndege kumi na tisa wa wino.

“Sasa tutalala wapi? Mu tumbo ya ndege yako?”

Alimsihi baba aukwangue wino kwa wembe, kama wachoraji wafanyavyo. Baba alikataa.

“Kosa iko yangu. Nilimupa karatasi, sikumupa masomo.”

Nilidhani anaogopa kuitoboa karatasi. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka ishirini na sita, mume wangu, sasa marehemu, akibaki na watoto. Ndipo nilipoyaona pembeni mwa ramani ile, tuliyokuwa bado tumeihifadhi, maneno ya penseli ambayo baba alimwandikia karani wa ofisi ile: Ndege ni za binti yangu. Zisifutwe. Aliihatarisha nyumba huku akijua. Vitabu vyote vya watoto ninavyochora leo vimetoka katika ukaidi ule.

Jumatatu, tarehe 14 Agosti 1995, tulipoipeleka ramani ofisini, karani aliigeuza, akawaona ndege.

“Ni nani alichora hii?”

Baba alinisogeza mbele. “Ni huyu, mutoto yangu.”

Karani akawahesabu ndege kwa ncha ya kalamu, akaigeuza tena, akapiga muhuri kwa nguvu. Mama akashusha pumzi. Wino wa zambarau ulipenya hadi upande wangu, ukatua kati ya ndege wawili. Nami, nisiyejua herufi hata moja, nikatoka kichwa juu, nikiamini kwamba serikali imewaidhinisha ndege wangu.