Bati Lioge Kwanza

Juzi nilimwona fundi akiuondoa mlizamu, ule wa kuteremshia maji ya paa, kwenye tangi langu kabla ya masika, nikacheka. Nina ghorofa mbili Makupa, nimezijenga mwenyewe bila ya cheti cha mtu, lakini kazi ile niliijua Majengo, kabla sijajua kusoma.

Mfereji wetu wa bomba ulikuwa umekauka zamani, tukawa tunapikia maji ya kisima, na chai yetu ilikuwa ya chumvi. Siku moja, masika yakikaribia, mama alisugua pipa mpaka likanuka sabuni na kutu, kisha akaugeuza mlizamu ukaelekea uchochoroni. Adhuhuri mvua ikapiga bati kwa kishindo. Maji yote yakaenda zake, mimi nikiyalilia.

"Mama Salim, wayamwaga maji ya Mungu?" jirani yetu Bi Rukia alipiga kelele dirishani. "Utakuja kunigongea mlango kuomba maji!"

"Wacha bati lioge kwanza, dada. Kunguru wamelinyea mwaka mzima."

Mvua ikakatika, pipa kavu. Bi Rukia alicheka hadi akakohoa, nami nikaamini mama ameshindwa. Yeye aliketi kibarazani akisuka ukili wa mkeka.

Alasiri wingu likarudi. Safari hii mama aliuelekeza mlizamu ndani ya pipa, nikasikia maji yakingurumia chini, kisha yakipanda taratibu. Akateka sufuria moja, akapika chai. Nilipokunywa funda la kwanza nilimtazama, nikamwambia amesahau kutia chumvi.