Nilienda Sanya Juu kuchukua tarehe ya kifo cha mgonjwa wa kansa, akanifungulia geti mwenyewe!

Wakuu, habari za mchana. Hii sijasimuliwa, imenikuta mimi. Nilichobadilisha ni jina tu.

Nafanya kazi ya data hapa Moshi. Kuna daktari anafuatilia wagonjwa wa kansa ya utumbo mpana iliyosambaa, ili aweze kukadiria vizuri zaidi mtu amebakiza muda gani. Mimi ndo napiga simu kuuliza kama mgonjwa bado yupo.

Aisee ni simu ngumu. Unamsalimia mke wa mtu huku unaliogopa jibu lake.

Faili la mzee Elibariki lilikuwa baya. Kansa imefika kwenye ini, uzito umeshuka, makadirio ni miezi michache. Alianza chemo, akapotea. Mwaka wa pili huu.

Namba yake haipatikani. Nikapiga ya jirani yake, iliyokuwa kwenye faili.

"Elibariki? Mbona tulishamzika!"

Ningejaza "amefariki" nikaenda lunch. Ila fomu inataka tarehe, na jirani haikumbuki. Nikapanda Sanya Juu, nyumbani kwake.

Geti likafunguliwa na mzee mwembamba, kakumbatia majani ya ng'ombe.

"Shikamoo baba. Natafuta familia ya marehemu mzee Elibariki."

"Marahaba. Marehemu yupi? Elibariki ni mimi."

Wakuu, ikabidi nimweleze kilichonileta!

Mzee alicheka mpaka majani yakamdondoka. Aliyezikwa ni jirani mwingine, jina moja. Yeye binti yake alimpeleka Dar, chemo akamalizia huko, laini akabadilisha, kisha akarudi nyumbani.

Nikampigia daktari palepale, nikaweka loudspeaker. Akasema: "Hebu mpe simu nimsikie."

Wakasalimiana. Mzee akauliza, "Daktari, sasa nimebakiza muda gani?"

"Baba, sijui. Yale makadirio yalitoka kwa wagonjwa wengi, wewe ni mmoja. Njoo tukupime."

"Nakuja Jumatatu. Jumapili mjukuu anapata kipaimara, siwezi kukosa."

Na Jumatatu alikuja. Kansa ipo, sitawadanganya, lakini haijasogea. Daktari alitoka na majibu anatabasamu kama kafaulu yeye.

Nilichojifunza: makadirio yanasaidia familia kujipanga, ila yasikufanye uache dawa wala umlilie mtu aliye hai. Na sisi wa data, tuhakikishe kwanza!

Kuna mwenye mgonjwa aliyepita muda aliokadiriwa? Mwageni hapa, nasoma zote.