Mgonjwa wa Alute Ndani ya Koti

Mzee Alute wa Sepuka alikuwa mtu wa mbuzi. Ukikutana naye njiani atakusalimia wewe, kisha atauliza habari za mbuzi wako, na hapo ndipo mazungumzo yatakapoanza kunoga. Paka kwake hakuwa mfugo. Paka alikuwa kitu cha jikoni, kama mwiko.

Basi mkewe Agnes, ambaye watu wengi humwita Mama Flora, alipofunga safari kwenda Kiomboi kumwona binti yao aliyejifungua, alimwachia maagizo mafupi tu. Alizeti isilowe. Na Kijivu asife. Kijivu alikuwa mtoto wa paka aliyebaki peke yake katika uzao wake, na mama yake alishazeeka hata panya walikuwa wanampita bila haraka. Magunia ya alizeti yalimtegemea huyo mdogo.

"Akifa," Mama Flora alisema akiwa mlangoni mwa basi, "mimi nabaki huko huko nilee mjukuu. Wewe utapikiwa na mbuzi."

Alute akamlisha Kijivu kwa bidii, vichwa vya dagaa na ugali wa uwele. Tumbo likatoka, likawa kama kibuyu. Kila mkewe alipopiga simu, mzee alijibu kwa majigambo: "Anakula kuliko mimi. Tumbo linamtangulia mlangoni."

Sasa ajabu ni hii. Angemwona mwana mbuzi katika hali ile, tumbo mbele, mgongo mfupa mtupu, manyoya yamesimama, angesema "minyoo" kabla hajaweka fimbo chini, na mwenye mbuzi angesimangwa mpaka jioni. Lakini kichwani mwa Alute minyoo ilitoka kwenye majani mabichi, na paka hachungwi. Kwa hiyo tumbo lile akaliita unono.

Asubuhi ya siku ya mnada Kijivu alitapika juu ya kandambili ya mzee. Katika matapishi mlikuwa na vitu vyeupe kama tambi, na tambi moja ikajikunja. Alute akamfunua mdomo akaona fizi zimepauka. Akamsogezea maziwa, paka akageuza uso. Hapo simu ikalia: Mama Flora anarudi kesho.

Mzee akachukua chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi na bomba lake. Mbuzi yeye huwapimia kwa jicho, na jicho lake halijawahi kumwangusha. Lakini alipokitazama kile kiumbe kinachoenea kiganjani, jicho likakataa kazi. Akarudisha chupa, akamtia Kijivu ndani ya koti, akaenda mnadani kumtafuta bwana mifugo.

Akapanga foleni nyuma ya wafugaji wenzake. Mbele yake alisimama jirani yake Paschal na fahali.

"Umeleta nini, mzee mwenzangu?"

"Mgonjwa."

"Simwoni."

"Anapumzika."

Koti likasema nyau. Paschal akalitazama koti, akamtazama mwenye koti. "Huyo ndama wako," akauliza taratibu, "ameshaanza kuota pembe?"

"Bado. Ni mbegu ya kisasa."

Foleni nzima ikavunjika kwa kicheko, wakampisha apite mbele, si kwa huruma, ila waone vizuri.

Bwana mifugo, kijana anayeitwa Yohana, akasema, "Shikamoo mzee," akampokea Kijivu, akamtazama fizi, akamminya tumbo polepole. "Hii ni minyoo."

"Ameitoa wapi? Huyu tangu azaliwe hajala jani."

"Amenyonya. Imo mwilini mwa mama yake, inapita kwenye maziwa."

Alute akajikuna kisogo, jambo lililompendeza sana Paschal.

"Na ile dawa ya mbuzi?"

"Umempa?"

"Nilitaka."

"Afadhali ulitaka tu. Nyingine zinamuua paka. Hata inayomfaa hupimwa kwa uzito wake."

Wakaazima mizani kwa muuza kuku, Kijivu akaning'inizwa ndani ya kikapu, na mama mmoja akauliza kilo bei gani. Yohana akamnywesha dawa, kisha akamwambia mzee kwa upole: "Ukiona mtoto wa paka ana tumbo kubwa na mgongo umekonda, mlete mapema. Akitapika minyoo, akiharisha damu, akikataa kula au fizi zikipauka, siku hiyo hiyo, usingoje mnada. Baada ya wiki mbili tunarudia dawa, na mama yake umlete. Kinyesi kizikeni, na mnawe kwa sabuni, maana minyoo hii huingia hata kwa watoto wetu."

Kesho yake Kijivu akatoa fungu zima la tambi. Mzee akalizika nyuma ya choo. Kurudi, akamkuta anaramba maziwa mpaka bakuli linatembea.

Mama Flora akaingia mchana, akamnyanyua Kijivu, akampapasa mbavu.

"Baba Flora, tumbo liko wapi?"

"Nimelizika."

"Umekunywa maziwa yake."

Ikabidi aeleze yote, koti, foleni na kikapu. Mkewe alimsikiliza mikono kiunoni, kisha akaketi kwenye kigoda.

"Kumbe ni wewe. Kwenye basi walikuwa wanamcheka mzee mmoja aliyepeleka paka mnadani kwenye ng'ombe. Nami nikacheka kuliko wote."

"Nawa kwanza," Alute akasema, akimsogezea maji na sabuni. "Utacheka baadaye."

Akanawa huku anamtazama mumewe kama mgeni. "Na huyu mama yake?"

"Lazima naye apelekwe."

"Nani atamkamata?"

Paka mkubwa alikuwa amelala juu ya gunia la alizeti. Akafungua jicho moja. Alute akaitazama mikono yake, akatoka kwenda kwa Paschal kuazima gunia nene, na njia nzima akawa anatafuta uongo wa kusema ni la nini.